Jamhuri Dhidi ya Maji ya Moto

Jamhuri ya Tandavala ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Mwaka ule Idara ya Ramani ilifungwa ili kubana matumizi, na fungu lake likatumika kununulia mapazia ya Wizara ya Kubana Matumizi. Ni nchi nzuri. Watu wake wapole, serikali yake sikivu, na kila ikisikia jambo hulitungia sheria. Mimi sina ugomvi nayo hata kidogo. Nasimulia tu yaliyompata Bi Sikudhani wa Mtaa wa Mferejini, na atakayeona yanafanana na ya kwao, hayo ni macho yake, asiniletee mimi.

Mwaka huo ugonjwa wa kuharisha na kutapika uliingia nchini. Ulikuwa na jina lake, jina analolijua kila bibi, lakini serikali ililipiga marufuku kwa maelezo kwamba lingewatisha wawekezaji. Watu wakaagizwa kuuita Hali ya Tumbo Isiyotarajiwa, au kwa kifupi, Hali. Redio ya Taifa ikawa inatangaza kila jioni kwamba nchi haina ugonjwa wowote, ina Hali tu, na kwamba waliokufa kwa Hali wasihesabiwe pamoja na waliokufa kwa ugonjwa. Wiki hiyo watu wa Mferejini walizika majirani wanne. Walirudi kutoka makaburini wakakuta redio inawapongeza kwa afya njema.

Kosa lilifanywa na daktari mmoja kijana wa hospitali ya wilaya. Aliulizwa redioni wananchi wafanye nini, na yeye, kwa kukosa uzoefu, akadhani ameulizwa swali la kitabibu. Akasema wachemshe maji, wayapoze, watie sukari na chumvi kidogo, wamnyweshe mgonjwa kidogo kidogo bila kuchoka. Kesho yake alihamishiwa kituo cha utafiti wa mbung'o huko porini, lakini maneno yalishatoka. Kwa siku tatu nchi nzima ilichemsha maji, na kwa siku tatu wagonjwa wakaanza kuinuka na kuomba uji.

Siku ya nne uchumi ukatetereka. Kampuni ya Chemchemi ya Taifa, iliyokuwa ikiuza maji ya chupa, ilijikuta na chupa zisizonunuliwa. Kampuni hiyo ilikuwa ya shemeji yake Waziri wa Uokozi wa Uchumi, jambo ambalo halihusiani kabisa na hadithi hii, limeniponyoka tu. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Ngwendu, alilihutubia taifa akiwa amevaa koti jeupe la hospitalini, ingawa udaktari wake ulikuwa wa mambo ya reli.

"Ndugu wananchi," alisema, "mgonjwa wetu wa kwanza ni uchumi. Binadamu akiugua ana mama, ana shangazi, ana jirani wa kumletea supu. Uchumi hauna mama. Uchumi hauna shangazi. Nani atauuguza kama si serikali?"

Bunge likapitisha Sheria ya Kuratibu Mchemsho siku hiyohiyo, kabla ya chai ya saa nne. Wabunge walieleweshwa hivi: ikiwa maji yaliyochemshwa yanaponya, basi ni dawa, na dawa haitengenezwi na kila mtu jikoni kwake. Kwa hiyo anayetaka kuchemsha maji awe na leseni, na anayetaka leseni awe na ekari mbili zenye uzio, maabara, bomba la kutolea mvuke, na mhandisi wa kulisimamia bomba. Chemchemi ya Taifa ilipata leseni mchana. Jioni ikapata na ruzuku.

Msidhani wanyonge walisahauliwa. Serikali ilipanga bei elekezi ya chupa ya maji, bei ya chini mpaka watu wakapiga makofi, na siku hiyohiyo chupa zikatoweka madukani zikawa zinapatikana nyuma ya maduka, kwa bei ya kunong'onezana. Sukari ikapangiwa bei, nayo ikatoweka. Chai iliruhusiwa, mradi majani yaingie sufuriani kabla maji hayajachemka, ili maji yasipate nafasi ya kuwa dawa hata kwa dakika moja. Kisha majani ya chai yakapangiwa bei.

*

Bi Sikudhani alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Hakuwa na cheo isipokuwa kimoja ambacho serikali haikukijua: alikuwa mtunza masufuria wa Kikundi cha Tusichoke. Mnajua mambo hayo. Wanawake wa mtaa huchanga, wakanunua masufuria makubwa ya shughuli, na ikitokea harusi au msiba yanaazimwa. Lazima awepo mmoja wa kujua lipi limetoka, limekwenda kwa nani, na limerudi na mfuniko wake au limerudi uchi. Sufuria kubwa kuliko yote lilikuwa la kumeza mbuzi wawili na mchuzi wao, na ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha: TUSICHOKE. MRUDISHE.

Alikuwa akiishi na mdogo wake, Siwema, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kunyamaza. Hali ilimkamata Siwema Jumanne alfajiri. Kufika saa tano alikuwa ameshakwenda uani mara kumi na nne, mara ya mwisho akabebwa. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, na Bi Sikudhani alipoibana ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama vilevile, haikurudi.

Alikimbia dukani, hakuna chupa. Nyuma ya duka ipo, lakini kwa bei ambayo angeuza cherehani la Siwema na bado angedaiwa. Alikwenda zahanati, akaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba mgonjwa wake ana Hali na hana ugonjwa, maana vitanda vya ugonjwa vilikuwa vimefungwa kwa kuwa nchi haina ugonjwa. Ofisi ya mtaa ilikuwa kwenye semina. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Dada," Siwema alisema kwa sauti ya karatasi, "chemsha maji."

"Watanikamata."

"Kwani ukikamatwa unakufa?"

Bi Sikudhani alimtazama. Alikuwa amemzika mama, amemzika baba, amemzika mume, na katika watu waliomjua tangu akiwa na meno ya utoto amebaki huyu mmoja. Aliogopa, na hilo si aibu. Aliogopa mpaka akakomea mlango. Kisha akakasirika, na hasira ikaufungua.

Angeweza kuchemsha kijisufuria cha lita moja ndani, mlango umefungwa, kama walivyokuwa wakifanya wenye uwezo wa kununua pazia zito. Lakini nyumba ya pili kulikuwa na mgonjwa, nyumba ya nne wawili, na kwa Mama Hidaya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee wake alikuwa ameanza kutapika. Akaenda stoo akalivuta sufuria la kikundi, akaliviringisha mpaka nje, mbele ya nyumba, mbele ya macho ya mtaa mzima, akalitega juu ya mafiga, akawasha kuni.

"Kama ni kosa," alisema, "basi liwe kosa la kuonekana."

*

Mvuke wake haukuchukua muda kupata mgeni. Mgeni alikuwa Chambuso, Mkaguzi wa Mvuke Daraja la Tatu. Serikali ilikuwa imeajiri wakaguzi elfu mbili, ikawapa buti, filimbi na kioo kidogo cha mkono cha kugundulia mvuke. Chambuso alikuwa mtoto wa Mferejini. Pilau lote alilokula maishani lilitoka kwenye sufuria lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeshakaribia. Mama, humo mna nini?"

"Maji."

"Yanafanya nini?"

"Yaulize."

Chambuso akakishusha kioo juu ya sufuria kama alivyofundishwa katika kozi ya siku mbili. Kioo kikafifia. Akakitazama kwa huzuni.

"Sema majani ya chai yalitangulia," akanong'ona.

"Sina majani ya chai."

"Najua huna. Sema tu, mama. Nitaandika chai, niende zangu."

"Chambuso, Siwema yuko ndani anakauka. Nikitia uongo humu sufuriani atapona?"

Chambuso akakirudisha kioo mfukoni. Akatoa Fomu ya Mchemsho Namba Saba. Hapo ndipo alipofanya kosa lake, kosa la mtu mwenye bidii. Mwezi uliopita mkuu wake alikuwa amemkaripia kwa kuandika "sufuria moja" tu, akamwambia hivyo hatapanda daraja mpaka azeeke. Kwa hiyo safari hii aliandika yote, kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia: "Sufuria moja kubwa la alumini, limejaa maji hadi kwenye vipini, maji yanachemka kwa nguvu, moto wa kuni unawaka chini yake." Akagonga muhuri.

Wakati anagonga, Bi Sikudhani alikuwa ameshachota jagi moja, akalipitisha kwa Mama Hidaya juu ya ukuta.

"Mpe Siwema kidogo kidogo," alisema. "Hilo jagi lifike kesho."

Alijua halifiki kesho mchana.

*

Alilala mahabusu, na asubuhi alipandishwa mbele ya Hakimu Malugu, mtu mzima, mpole, mwenye miwani miwili, wa kusomea na wa kufikiria. Hakimu Malugu alikuwa hajawahi kutoa hukumu iliyo kinyume cha utaratibu, na kwa sababu hiyo alikuwa ametoa hukumu chache sana.

Mwendesha mashtaka akasoma shitaka, kisha akamgeukia Bi Sikudhani kwa huruma ya kiserikali. Akamweleza kwamba akikiri atapewa onyo tu, arudi nyumbani muda huohuo. Sufuria litataifishwa, liyeyushwe, litengenezwe nishani za mashujaa wa mapambano dhidi ya Hali.

Arudi nyumbani muda huohuo. Bi Sikudhani aliyasikia maneno hayo yakimvuta kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake. Lakini arudi kwa Siwema na nini mkononi? Onyo?

Sasa, marehemu mume wake alikuwa mfagizi wa mahakama hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Mfagizi hana anachoulizwa, kwa hiyo husikia kila kitu, na kila jioni wakila alikuwa akimsimulia mkewe sheria za Tandavala badala ya habari za mpira. Katika hizo alipenda sana ile ya mbuzi. Zamani, mbuzi watatu wa wizi waliletwa mahakamani kama vielelezo, na siku ya hukumu ikaonekana ni ngozi tatu. Askari walisema mbuzi walijifia, karani akasema walitoroka, na wote walikuwa wamenenepa. Bunge likakasirika, likatunga kanuni: kielelezo kitunzwe mahakamani katika hali ileile kilivyokutwa, mpaka hukumu. Na raia yeyote anaruhusiwa kuja kukikagua muda wa kazi, aone bado kipo.

"Mheshimiwa Hakimu," Bi Sikudhani alisema, "kabla sijajibu naomba nioneshwe kielelezo."

Sufuria likaletwa na askari wawili. Maji yalikuwa baridi, nusu yamemwagika njiani. Nyuma yake Chambuso alikuwa amekumbatia kuni tatu zilizozimika.

"Hicho sikijui," alisema Bi Sikudhani. "Mimi nimeshitakiwa kwa maji yanayochemka. Hayo ni baridi, na maji baridi si kosa. Kama Jamhuri imeharibu ushahidi wake, iseme."

Hakimu akavaa miwani ya kusomea, akaisoma fomu ya Chambuso. Akavaa miwani ya kufikiria. Akaomba kitabu cha kanuni, akakisoma kifungu cha mbuzi kwa sauti, mara mbili, na mara ya pili mwendesha mashtaka alikaa chini bila kuambiwa.

"Mahakama inaagiza," alisema Hakimu Malugu, "kielelezo kirejeshwe katika hali kilivyokutwa. Maji hadi kwenye vipini. Yachemke. Kwa nguvu. Moto wa kuni uwake chini yake. Karani wa vielelezo, Bwana Mgaza, asimamie mchana na usiku, na maji yakipungua ayajazie. Shauri linaahirishwa kwa wiki mbili."

Liliahirishwa kwa sababu Tandavala hakuna kesi inayosikilizwa siku iliyoitwa, ingekuwa kama kumlisha mgeni kabla hajaketi. Maisha yake yote Bi Sikudhani alikuwa akizilaani tarehe za mahakama. Siku hiyo alisema ahsante, akapewa dhamana ya kujidhamini mwenyewe, akatoka mbio.

*

Jagi lilikuwa limekwisha. Siwema alikuwa amelala ubavu, anaita mtu, lakini jina halitoki. Mama Hidaya alikuwa analia kwa sababu na wa kwake alikuwa hivyohivyo.

"Usilie sasa," Bi Sikudhani alimwambia. "Lete toroli."

Wakamlaza Siwema kwenye toroli la mchanga la fundi ujenzi, wakamtandikia godoro, wakamsukuma katikati ya barabara saa saba ya jua kali. Bi Sikudhani alikuwa akimsemesha njia nzima, akimtukana kidogo ili amkasirishe, maana Siwema akikasirika huwa hakubali kushindwa. Siwema hakujibu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kukosa jibu.

Askari wa getini akawasimamisha.

"Mnakwenda wapi?"

"Kukagua kielelezo."

"Na huyu aliyelala?"

"Naye ni raia."

Uani kwa mahakama sufuria lilikuwa linatokota kwa amri ya Hakimu. Bwana Mgaza alikuwa amekaa pembeni na mwiko wa kupimia kama maji yamefika kwenye vipini, jasho linamtiririka. Akafungua kitabu cha kanuni, akatembeza kidole.

"Ukaguzi wa kielelezo," alisoma, "utakuwa kwa kuona, kwa kugusa, na kwa vitu vya maji, kwa kuonja." Sehemu ya kuonja iliongezwa mwaka ule pombe ya ushahidi ilipogeuka kuwa maji na hakuna aliyedai kuwa nabii. "Mgonjwa... raia huyu, anataka kukagua kwa njia gani?"

"Kwa kuonja."

Bwana Mgaza akachota kikombe, akakimimina kwenye kingine, na kingine tena, mpaka maji yakapoa. Bi Sikudhani akafungua pindo la kanga, akatoa sukari ya akiba ya Idi na chumvi, akatia. Karani akatazama juu kuangalia kama kuna dalili ya mvua. Kijiko cha kwanza kilimwagikia shingoni. Cha pili kikapita.

"Ameridhika?" aliuliza Bwana Mgaza baada ya kikombe.

"Bado."

"Aendelee. Sheria haikuweka kikomo."

Vikombe vilikuwa tisa, na Mama Hidaya akaondoka na jagi la kumwonjesha mzee wake. Kwenye saa kumi na moja Siwema akafumbua macho, akakunja uso, akasema chumvi imezidi. Bi Sikudhani alikaa chini palepale kwenye vumbi la mahakama akalia kwa sauti, na Bwana Mgaza akamwandika kwenye daftari la wakaguzi: "Ameridhika."

*

Kesho yake walikuja wakaguzi thelathini. Keshokutwa mia mbili. Walikuja na vikombe, makopo, mabakuli ya shule, kila mtu na fundo lake kwenye kanga au mfukoni, na wagonjwa kwenye matoroli na baiskeli. Kwenye safu ya "Sababu ya ukaguzi" waliandika "kujiridhisha", na wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Hakimu Malugu mwenyewe alikuwa akishuka na kikombe kila asubuhi, kwa uangalifu wa kazi, na siku mke wake alipoharisha alishuka na ndoo. Mahakama ikaiandikia Hazina kuomba kuni, na Hazina ikazilipia bila kusoma, kwa kuwa barua ilisema ni za kutunza haki. Redio ya Taifa ikasifu mwamko mpya wa wananchi katika masuala ya sheria.

Wiki hiyo Mferejini haikuzika mtu.

Chemchemi ya Taifa ndiyo iliyogundua, maana hata nyuma ya maduka chupa zilianza kukaa. Waziri Ngwendu akaja na msafara wa magari kumi na moja, koti jeupe, na jukwaa lake mwenyewe, akapanda akitazamana na sufuria.

"Huu," alisema, "ni mchemsho wa kibinafsi uliojificha nyuma ya sheria ya umma. Serikali yenu imewekeza katika maji ya chupa kwa ajili yenu. Kila kikombe mnachochota hapo mnamchota mwekezaji. Mtu mzalendo angevumilia kiu akijua kwamba takwimu zinapanda."

Watu walimsikiliza kwa heshima huku wakipoza maji. Aliposhuka akamwita Bi Sikudhani kando, akabadilisha sauti ikawa ya nyumbani.

"Mama yangu, haya mambo yanazungumzika. Nakuteua uwe mjumbe wa Baraza la Ushauri wa Mvuke. Kuna kiti, kuna posho, kuna gari la kukuchukua. Wewe kiri tu, tuifunge hii kesi."

"Nipe leseni ya mtaa mzima, nitakiri hata wale mbuzi niliwala mimi."

"Mama, nikiruhusu mtaa, kesho nchi nzima itachemsha. Uchumi utabaki na nani?"

"Utabaki na sisi, mheshimiwa, tukiwa hai. Ukitaka wa wafu, makaburini kumejaa wateja, waulize wananunua nini."

Waziri alifunga vifungo vya koti vyote, mpaka cha shingoni, akaondoka na magari yake.

Siku ya pili yake Bi Sikudhani akaitwa mahakamani kabla ya tarehe, jambo lisilowahi kutokea Tandavala. Mwendesha mashtaka akasema Jamhuri, kwa moyo wa huruma, inaliondoa shitaka.

"Napinga," alisema Bi Sikudhani.

"Huwezi kupinga kuachiwa huru, mama," alisema Hakimu Malugu kwa upole.

"Nina hatia, Mheshimiwa. Nilichemsha. Kwa nguvu. Mkaguzi alinikuta, kioo kikafifia, na mimi nilijua ni kosa. Nawaomba mnishitaki."

Hakimu alivua miwani yote miwili, akakaa nayo mikononi. Alionekana mtu aliyezeeka wakati wa kikao.

"Hakuna shauri," alisema. "Pasipo na shauri hapana kielelezo."

Askari wakamwagia moto ndoo tatu. Uani kulikuwa na watu mia na zaidi wameshika vikombe vitupu, na mama mmoja aliyekuwa amefika zamu yake, mtoto mgongoni, alibaki ameunyoosha mkono. Bi Sikudhani akamwona. Akawasaidia kulipakia sufuria kwenye toroli, likiwa bado na maji ya vuguvugu chini, akampa huyo mama yote yaliyobaki, kisha akalisukuma mpaka nyumbani bila kumsemesha mtu. Alipofika alituma salamu kwa wanachama wote wa Tusichoke kwamba kuna kikao cha dharura. Ajenda ilikuwa moja, na waliipitisha kabla hata kahawa haijaisha.

*

Asubuhi iliyofuata Chambuso alifika kazini akakuta barabara ya Ofisi ya Ukaguzi wa Mvuke haipitiki. Wanawake arobaini na watatu walikuwa wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye kona ya benki, kila mmoja na jiko lake la mkaa chini, na juu ya jiko sufuria, na ndani ya sufuria maji yanatokota. Mvuke ulikuwa mwingi mpaka kioo chake kilififia kikiwa mfukoni. Mbele kabisa alisimama Bi Sikudhani na sufuria la kikundi.

"Shikamoo, mama," alisema Chambuso.

"Marahaba. Tumekuja kukamatwa."

"Wote?"

"Hawa ni wa leo. Mtaa wa Kisimani wanakuja kesho. Utuandike mmoja mmoja, na usifupishe, uandike kama ulivyoniandika mimi. Kila mtu anataka kielelezo chake kitunzwe vizuri."

Chambuso akampigia simu mkuu wake. Mkuu alikuwa amejifungia ofisini, akamjibu kupitia dirisha. Alisema wasikamatwe, kwa sababu mahakama ingekuwa na mioto arobaini na mitatu na Hazina ingeulizwa habari ya kuni. Alisema pia wasiachwe, kwa sababu sheria ingechekwa. Chambuso akauliza basi afanye nini. Mkuu akafunga dirisha.

Akaanza kuandika. Fomu zilikuwa kumi na mbili, zikaisha, akaendelea kwenye daftari lake la mazoezi ya mwandiko. Wanawake walimtajia majina yao kamili, pamoja na ya baba zao na mitaa yao, wengine wakimwinamia kuangalia kama ameandika sawasawa. Waliokuwa wakipita na wagonjwa walisimama, wakaonja, wakaendelea, na hakuna aliyewazuia.

Foleni ilipofika mwisho kulikuwa na mtu wa arobaini na nne. Alikuwa amechelewa kwa sababu alitembea akipumzika, hatua kumi, apumzike, hatua kumi, apumzike, jiko dogo mkono huu na sufuria la lita moja mkono ule. Nguo zilikuwa zinamning'inia. Bi Sikudhani alikuwa amemwacha kitandani, amemfunika, amemkataza kabisa kuinuka. Alitaka kumgombeza, akashindwa, akamshikia jiko akaliwasha.

Chambuso alimtazama Siwema, akaishusha kalamu.

"Dada Siwema, wewe rudi nyumbani. Wewe juzi tu ulikuwa unakufa."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Siwema. "Andika."

Chambuso akaandika.